Vifaranga wa Bwawa la Mzee Rehani

Habiba ndiye aliyewaona mwanzo, na ndiye aliyepiga kelele. Kuona hakukumdhuru mtu. Kelele ndizo zilizomponza.

Asubuhi ile alikuwa ameshuka bondeni na ndoo ya pumba, kama kawaida yake, kuwalisha perege wa marehemu baba mkwe wake. Mvua ya masika ilikuwa imepumzika kidogo. Maji ya bwawa yalikuwa yamepanda mpaka kwenye majani ya ukingoni, na palepale kwenye majani, karibu kabisa na miguu yake, akaona kitu kama kivuli kinatambaa chini ya maji. Akainama. Kivuli kikatawanyika, kikawa vitu vidogo vyeusi, chungu nzima, vinakwenda, vinarudi, vinakusanyika tena. Vina mikia. Vina macho.

"Wamezaa! Jamani, wamezaa! Nimeona kwa macho yangu, perege wamezaa!"

Akapanda mlima mbio, ndoo ameisahau hukohuko. Mina, wifi yake, aliyekuwa amekuja Kiwangwa kusaidia kazi za nyumba ya msiba, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umehakikisha lakini? Isije ikawa viluwiluwi vya vyura, ukatutia aibu."

"Wifi wewe! Mimi mtoto wa Dunda. Harufu ya samaki nimeijua kabla ya harufu ya maziwa. Leo watu wa mananasi ndio mnifundishe samaki?"

Wakacheka wote, hata Muharami, mumewe, ambaye tangu azike baba yake alikuwa hacheki ila akilazimishwa. Kutoka chumba cha uani, Bi Kibibi, mama yake Muharami, akauliza kuna nini. Alikuwa akikaa eda ya mumewe, na chumba kile ndicho kilichokuwa dunia yake.

"Perege wa baba wamezaa, mama!" Habiba akamwitia.

Kisha ikasikika sauti ndogo: "Alhamdulillahi."

Habiba alidhani ni majonzi. Na kwa nini asidhani hivyo? Bwawa lile Mzee Rehani alilichimba kwa jembe lake mwenyewe, yeye na mwanawe, msimu mzima. Akanunua vifaranga wa perege, akawatia kwa mkono wake huku akisema bismillahi kwa kila kopo, na akafa kabla hajaonja hata mmoja. Muharami alikuwa ameapa kwamba siku ya hitma, mama yake akitoka eda, watu watakula perege wa marehemu. Mananasi yake yalikuwa yamemwozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Matumaini yote ya nyumba ile yalikuwa ndani ya maji yale.

Tuseme ukweli. Mtoto wa Dunda, kule pwani kwa wavuvi, anamjua changu, anamjua pono, anawajua wote wakiwa wamelala mezani sokoni, wamekufa. Samaki wa maji baridi, tena mdogo kuliko ukucha, akipita hai miguuni pako, hiyo ni habari nyingine. Lakini nani angembishia? Tangu aolewe Kiwangwa, Habiba alikuwa akichekwa chini chini kwa kutojua kushika jembe, kutojua kumenya muhogo kwa kasi, kutojua lipi pori na lipi shamba. Hili lilikuwa jambo la kwanza alilolijua yeye kuliko wao. Alilishika kwa mikono miwili.

Akawalea. Kila siku alipepeta pumba mpaka ikawa laini kama unga wa uji, akaimwaga taratibu pale kwenye majani. Alama zilikuwepo, tena za kutosha. Jua likichomoza, wale watoto walizama gizani badala ya kuja juu. Habiba akajiambia wana haya. Perege wakubwa waliokuwa wakigombania chakula katikati ya bwawa walipungua, leo wachache, kesho wachache zaidi. Akajiambia wametulia na watoto wao. Keshatangaza, basi, macho nayo yakaona kilichotangazwa.

Muharami akampigia simu Mahmoud wa Zinga.


Mahmoud alikuwa mtu wa mabwawa. Kwake Zinga, nyuma ya maduka ya barabara kuu, alikuwa nayo kadhaa, na alikuwa akitafuta vifaranga wa kutia kwenye bwawa jipya. Aliposikia Kiwangwa kuna perege wamezaa wenyewe, hakuchelewa. Akatuma kianzio kwa simu. Muharami akakipokea, akamshukuru, akaenda kununua mchele wa hitma.

Siku Mahmoud alipokuja, Abdulazizi wa bodaboda ndiye aliyemleta, na kwa kuwa Abdulazizi hana siri, bonde lote lilijua. Watu wakashuka kutazama. Mgeni alikuwa amevaa kanzu safi, ameikunja mpaka magotini, na viatu ameviacha juu. Akasalimia kila mtu, akamwombea marehemu, kisha akauliza kama kuna beseni jeupe.

"La bluu halifai?" Mina akauliza.

"La bluu litawaficha. Nataka jeupe."

Likaletwa. Habiba mwenyewe ndiye aliyechota kwa kipande cha chandarua, akatua beseni ukingoni, akasogea pembeni akiwa amejifunga kanga vizuri. Alikuwa ameoga. Alikuwa amejipaka hata wanja kidogo. Mahmoud akachuchumaa, akasubiri maji yatulie. Akatazama. Akaendelea kutazama.

"Hawa mmewapata wapi?"

"Hapahapa," Muharami akasema. "Wamezaliwa humu."

"Na perege wako wapi?"

"Si ndio hao!"

Mahmoud akacheka kidogo, si kwa ubaya, ila alicheka, na watu waliona. "Bwana Muharami, hawa kambale."

Mahmoud akaingiza kidole kwenye beseni, akamsukuma mmoja mpaka pembeni. "Mtazameni kichwa, bapa. Njooni muone hapa mdomoni. Ndevu hizi. Perege ana ndevu? Perege mchanga ukimtia kwenye beseni anaelea juu juu, anakwenda na wenzake, ukigusa maji wanageuka wote pamoja kama watoto wa chuoni wakimwona maalimu. Hawa kila mmoja anatafuta pa kujificha. Nani aliyekwambia ni perege?"

Muharami hakujibu. Hakuwa na haja. Macho yote yalikwisha kumwangukia Habiba.

"Mtoto wa Dunda!" mmoja akasema kutoka nyuma, na kicheko kikapasuka, kile kicheko cha watu waliokuwa wamejizuia siku nyingi.

"Sasa sikiliza," Mahmoud akaendelea kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha. "Watoto hawa hawakujizaa. Wazazi wao wamo humu. Na kama wamo humu, perege wako..." Akaacha hapo, akanawa mikono. "Mimi siwezi kuwachukua hawa. Kile kianzio usinirudishie leo. Nyumba yako ina msiba. Ukipata, utanitumia."

Alisema vile kwa wema, na wema wenyewe ndio uliouma. Kila mtu sasa alijua kwamba Muharami anadaiwa na hana. Akamsindikiza mgeni mpaka kwenye pikipiki huku akirudia, "Nitatuma, inshallah, nitatuma." Habiba akabaki na beseni. Wale wadogo walikuwa wamejibana wote kwenye ukingo, upande wa kivuli. Akawatazama, na safari hii akaziona ndevu. Zilikuwa wazi kabisa. Alishangaa alivyokuwa haoni siku zote zile.


Muharami hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliketi kwenye kigoda uani, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Chandarua cha kwenye bomba la kuingizia maji, kukifunga ni kazi ya nani?"

"Yangu," Habiba akasema.

"Kilifunguliwa?"

"Nilikifungua siku ile ya mvua kubwa. Majani yalikuwa yameziba, maji hayaingii. Nikakikung'uta, nikakirudisha."

"Muda gani kilikuwa wazi?"

"Kidogo tu, Baba Naila."

"Basi ndicho hicho kidogo." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Kidogo hicho kimekula samaki wa baba."

Mina alikuwa akipembua mchele mlangoni. Hakuweza kunyamaza. "Na pumba alizokuwa akipepeta! Eti ziwe laini, watoto wasipaliwe! Kumbe wifi yangu anawanenepesha walaji. Mola atunusuru."

"Mina, acha," Muharami akasema, lakini alisema kivivu, na Mina alijua hajakatazwa.

Kisha Muharami akasema lile alilokuwa amekaa kigodani kulitafuta. "Mama Naila, nenda kwenu Dunda ukapumzike kidogo."

Kila mwanamke wa pwani anajua kupumzika huko ni kupi. Unakwenda na mfuko mmoja, unalala kwenye chumba ulicholala ukiwa mwari, na mama yako anawaambia majirani kwamba umekuja kumuuguza. Wengine huitwa. Wengine hupelekewa nguo zao zilizobaki.

"Nipumzike mpaka lini?"

"Utaitwa."

"Na Naila?"

"Naila ana shule. Atabaki na bibi yake na shangazi yake." Muharami akatazama kofia. "Nakufanyia wema. Hitma ikifika, watu watakuja hapa kula, na utakuwa kicheko chao. Sitaki uchekwe."

Habiba akangoja machozi. Hayakuja. Alijisikia kama mkono uliolaliwa usiku kucha, upo lakini si wako. Akauliza swali moja tu, la ajabu kidogo: kama aondoke sasa hivi au apike kwanza chakula cha mchana.

"Usiondoke leo," Muharami akasema. "Kwanza utusaidie kutoa maji. Watu wa kazi sina."

Ndani ya chumba cha uani, ukutani tu pale, Bi Kibibi alikuwa ameketi kwenye mkeka na tasbihi mkononi. Maneno yote yalimfikia. Tasbihi haikusogea hata punje moja.


Walikata ukingo upande wa chini, maji yakaanza kutoka. Ilichukua muda mrefu. Habiba alisimama kwenye tope mpaka mapajani, kanga ameifunga kibwebwe, akizuia kwa chandarua wasitoroke wale waliobaki. Walipatikana perege wa kujaza nusu ya ndoo. Nusu ya ndoo, kati ya wale wote ambao Mzee Rehani aliwasomea bismillahi. Muharami aliwahamishia kwenye pipa.

Kambale walikuwa wawili. Walijizika kwenye tope la katikati, na walipofikiwa walipiga mikia mpaka Muharami akachafuka uso mzima. Wanene, kila mmoja kama mkono wa mtu mzima. Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza kambale kama yule amepitaje kwenye bomba lisilopitisha hata ngumi. Muharami hakuwa na akili iliyotulia.

"Waliingia wadogo," akasema. "Wamekulia humu, kwa samaki wangu. Shika huyo wa pili, asiponyoke!"

Habiba akamshika. Akamkumbatia kifuani kama mtoto asiyetaka kuoga, na mkono wake ukagusa kitu mdomoni mwa kambale. Akatazama. Kipande cha kamba ya nailoni, ya kijani, kimepenya kwenye nyama ya mdomo, kimefungwa fundo, ncha imekatwa kwa kisu.

Kamba ile aliijua. Aliipokea yeye mwenyewe. Wiki za mwanzo za msiba, mzee mmoja aitwaye Amiri, mvuvi wa mto Ruvu na rafiki wa marehemu, alikuja kutoa mkono wa pole. Alikuja na ndoo, ndani kambale wawili wazima, wamefungwa pamoja midomoni kwa kamba ya kijani. Habiba akaipeleka ndoo chumbani, Bi Kibibi aione zawadi ya rafiki wa mumewe, kisha yeye akaenda mashineni kusaga. Aliporudi ndoo ilikuwa tupu. "Nimewatoa sadaka," mkwewe alimwambia, na katika siku zile za watu kuleta vitu na kuondoka na vitu, Habiba hakuuliza kampa nani. Naye hakumsimulia hata Muharami.

"Una nini hapo?" Muharami akauliza.

"Sina kitu."

Akaikata kamba kwa meno. Damu kidogo ya samaki ikambaki mdomoni. Akaikunja ile kamba kwenye pindo la kanga, akamtupa kambale ndooni.


Jioni, baada ya alasiri, alimpelekea mkwewe maji ya kuoga kama siku zote. Akamsugua mgongo, akampa kitambaa cheupe. Kisha akafungua pindo la kanga, akaiweka ile kamba juu ya mkeka.

Bi Kibibi akaitazama.

"Amiri kamba zake zote za kijani," akasema. "Tangu ujana wake. Anasema zinaonekana majini."

"Mama, uliniambia umewatoa sadaka."

"Niliwatoa. Sikusema kwa nani."

Nje Mina alikuwa akitwanga. Bi Kibibi akangoja mchi ushuke, akasema, mchi ukainuka, akanyamaza, na hivyo ndivyo alivyosimulia habari yake yote, kwa vipande.

"Uliniwekea ndoo hapo. Ukaenda zako mashineni. Maji yalikuwa machache. Wakawa wanapumua kwa tabu, midomo inafunguka, inafumba. Wananitazama. Baba yenu alikuwa vilevile, saa yake ya mwisho. Mdomo unafunguka, unafumba, na mimi nimekaa na kikombe cha maji, sijui nifanye nini. Nikasema hawa hapana. Nyumba hii wamekufa wa kutosha."

"Ukatoka?"

"Ilikuwa inanyesha. Njia nzima hapana mtu. Nikakata kamba, nikawatia majini." Akavuta pumzi. "Wakaenda. Nilifurahi, Habiba. Nilikaa pale mvuani, nimefurahi."

Habiba hakumuuliza kama alijua kambale wanakula nini. Lilikuwa swali la bure. Lililomshangaza lilikuwa lile neno moja: alitoka. Mashehe wana maelezo yao marefu juu ya mjane, lini anaruhusiwa kutoka na kwa haja gani. Kiwangwa hawakujua maelezo. Kiwangwa mjane akionekana nje kabla ya eda kwisha, basi hakumheshimu mumewe, na neno hilo litamfuata mpaka kaburini na kuwarudia wajukuu. Tena kutoka kwa ajili ya nini? Kambale!

"Muharami akijua nilitoka," Bi Kibibi akasema. Hakumaliza. "Nimekaa na mume yule tangu sijui kusuka nywele zangu mwenyewe. Sikuwahi kumvunjia hata kikombe. Ije isemwe leo kwamba sikumheshimu?"

"Hapana, mama."

"Usiseme."

"Sitasema."

Alikubali upesi, na mtu asije akadhani ni ushujaa. Habiba alikuwa amechoka tu. Kusema kungetaka nguvu, kungetaka sauti, kungetaka kusimama uani na kuwatazama watu usoni. Kutosema hakukutaka kitu. Akachukua karai la maji machafu, akatoka.

Mlangoni Bi Kibibi akamwita. "Ile habari ya Dunda. Ni siku chache tu, si ndiyo? Na Naila unakwenda naye?"

"Naila anabaki."

Mkwewe akamtazama. Akafungua mdomo, akaufumba.


Siku ya kuondoka palikuwa na jua. Ukingo wa bwawa ulikuwa umezibwa, mvua ikalijaza tena, na wale perege wa nusu ndoo walirudishwa, kwa kuwa wangewekwa wapi? Naila alikwisha kwenda shule. Habiba alimsuka asubuhi, akamkaza nywele kuliko kawaida, mtoto akalalamika, naye akamwambia, "Zikae muda mrefu." Huko tu ndiko kumuaga kwake.

Abdulazizi alikuwa uani na pikipiki, anaufunga mfuko wa Habiba nyuma kwa mpira. Muharami alisimama pembeni akielekeza ukae vipi, kama kwamba tatizo lilikuwa mfuko. Wanawake wawili wa jirani waliokuwa wakitoka kisimani walitua ndoo zao ili wapumzike, palepale panapoonekana vizuri.

"Haya wifi," Mina akasema, "salamu kwa wa Dunda. Waambie na sisi tunajifunza samaki."

"Zimefika," Habiba akasema.

Ndipo mlango wa chumba cha uani ukafunguka.

Bi Kibibi alitoka peku. Alikuwa amejitanda nguo yake nyeupe ya eda, uso ameuacha wazi, na jua lilimpiga mpaka akafumba macho. Akasimama kidogo, akayafumbua, akaanza kutembea. Mmoja wa wale majirani akaziba mdomo kwa mkono.

"Mama!" Mina akapiga ukelele. "Mama, eda! Rudi ndani, mama, watu!"

"Nawaona."

"Unakwenda wapi, mama?" Muharami akamkimbilia, akaogopa kumshika, akabaki mikono hewani.

"Bwawani."

"Huko kuna utelezi. Njia hiyo huijui ilivyo siku hizi za mvua, utaanguka."

Bi Kibibi akasimama, akamgeukia mwanawe. Alizungumza bila kupandisha sauti, lakini kwa vile kila mtu alikuwa amenyamaza, hata wa kisimani walisikia.

"Naijua. Nilishaipita, mvua inanyesha, na ndoo mkononi. Kambale waliletwa na Amiri, wazima. Mke wako akanikabidhi, akaenda kusaga. Nikawahurumia, nikaenda nikawatia mimi. Chandarua hakina kosa, na huyu hana kosa. Umenisikia?"

Muharami akaitazama njia ya bondeni.

"Umenisikia, Muharami?"

"Nimesikia, mama."

"Basi." Akaendelea na njia yake, akashuka bondeni taratibu, akishikilia vichaka.

Watu wakabaki walivyo. Mina alikuwa ameshika ungo, mchele unamwagika pembeni, hana habari. Majirani wakajitwisha ndoo zao haraka. Walikuwa na la kupeleka. Abdulazizi akakohoa. "Sasa tunakwenda, au hatuendi?"

Muharami hakumtazama mkewe. Akaenda kwenye pikipiki, akaanza kufungua mpira. Fundo likamshinda, Abdulazizi akataka kumsaidia, akamsukuma. Akalifungua mwenyewe. Akauchukua mfuko, akaupeleka ndani, akakaa humo muda mrefu kuliko mtu anayeweka mfuko. Alipotoka akasema, akiitazama ardhi, "Mama Naila, kamrudishe mama ndani. Watu wanatazama."

Hakuna samahani aliyoitoa, wala siku hiyo wala baadaye. Habiba aliisubiri kidogo, ilipokuwa haiji akaacha kuisubiri. Hakusikia furaha kwamba amebaki. Alijua tu kwamba jioni Naila atarudi shule na atamkuta, na hilo lilimtosha kwa wakati ule.

Akazichukua kandambili za mkwewe mlangoni, akashuka bondeni.

Bi Kibibi alikuwa ameketi ukingoni, miguu imejaa tope. Habiba akainama, akamnawisha mguu mmoja mmoja kwa maji ya bwawa, akamvisha. Lakini hakumwinua. Aliketi naye.

"Watasema sana," Bi Kibibi akasema.

"Watasema."

Wakakaa. Jua lilikuwa limetanda juu ya maji yote. Kisha pale kwenye majani, karibu na kandambili, kivuli kidogo kikapita. Kikatulia. Kikawa watoto wa samaki, wachache, wadogo mno, wanaelekea huku, wanarudi.

Bi Kibibi akainama mpaka nguo nyeupe ikagusa tope. "Hawa je? Hawa ni wa baba yenu, au ni wa Amiri?"

Habiba akawatazama. Walikuwa juu juu, kwenye jua. Akatia ncha ya kidole majini, nao wakageuka wote kwa pamoja. Alitazama kwa muda mrefu, akatafuta ndevu, akaona kama hazipo, akatazama tena.

"Sijui, mama," akasema. "Bado wadogo."